Kopo la Maswali

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga
(neno hilo, nami nimesimama hapo!),
Mwalimu Kidawa kalitoboa kifuniko kwa bisibisi,
akalizungusha Kidato cha Pili B,
Mburahati, Ijumaa, saa nne na robo.
Mimi mbele ya ubao,
ndani ya shati la kuazima kwa shemeji.

"Huyu ni Bwana Pazi, anatoka kliniki."
Hakusema kliniki gani.
Nikasema mwenyewe: ile ya dirishani,
ninakokunywa dawa kila asubuhi mbele ya nesi,
kisha naachama, naonyesha ulimi
kama mtoto aliyeiba sukari.
Mwaka wa nne huu.

Nilitegemea wacheke. Hawakucheka.

Karatasi ya kwanza:
*Ni kweli mara ya kwanza mimba haiingii?*
Inaingia. Mimba haina daftari la mahudhurio,
haiulizi umekuja mara ngapi.

Ya pili, kwa kalamu nyekundu:
*Nikimwambia hapana, ataniacha?*
Huenda.
Na akienda, umekijua bure
kitu ambacho dada yangu Mwanaidi alikilipia.

*Kisonono kinatibika kwa maji ya chumvi?*
Chumvi tia kwenye mihogo.
Dawa iko zahanati, nyuma ya soko,
na mwenzio naye atibiwe,
la sivyo mtarudishiana kama chenji.
Na nesi akikupandishia sauti,
rudi kesho. Nesi wa kesho ni mwingine.

*Kondomu ikikaa kwenye pochi mwezi mzima?*
Mfuko wa nyuma ni jiko, mdogo wangu.
Hiyo imeshaiva. Tafuta nyingine.

Sasa wakacheka, hata Mwalimu Kidawa,
akijifanya anafuta chaki kwenye kidole.

Kisha hii, mwandiko umelala kama majani baada ya mvua:
*Unga ukoje?*

Hapo nikaomba maji.

Hakuna aliyeniambia "huu ni unga, uogope".
Tindwa aliniambia "onja, unaondoa mawazo".
Na kweli, mawazo yaliondoka.
Yakarudi jioni na ndugu zao.
Niliuza redio. Niliuza viatu nikiwa nimevivaa.
Niliuza bati la jiko la mama
na masika yakaingia chunguni.
Sindano tuligawana kama kipande cha sigara,
na ndani yake mlikuwa na mgeni,
mgeni huyo nalala naye hadi leo,
kila saa tatu usiku nameza kidonge
ili naye asinizie.

Sikuja kuwatisha.
Pale Kigogo palikuwa na bango kubwa lenye fuvu,
EPUKA DAWA ZA KULEVYA, kwa rangi nyekundu.
Tulivutia chini yake. Lilikuwa na kivuli kizuri.

Nimekuja kwa sababu mwaka ule
ningekuwa na kopo kama hili
ningeandika kitu.
Sijui nini. Labda jina langu tu.

Ya mwisho ilikuwa imekunjwa mara nane,
ndogo kama punje ya mahindi.
Nikaikunjua taratibu, darasa zima limeinua shingo.
Tupu.
Nikageuza upande wa pili.
Tupu.

Wakaangua kicheko.
Sikuangalia nani hakucheka.

Nikaikunja kwa mistari yake ileile,
nikaitia mfuko wa shati la shemeji.
"Hili," nikasema, "nitalijibia getini.
Nitakaa juu ya lile tofali hadi saa tisa.
Anayelitaka asimame kidogo.
Asiyelitaka anisalimie tu, apite."

Kengele ikalia. Wakatoka kwa makundi,
*shikamoo, shikamoo*, vumbi, mabegi,
mwenye miwa akapata biashara yake, akaondoka,
jua likahama ukuta.

Saa tisa kasoro
mmoja akatoka peke yake, akaniona,
akainama kufunga kamba ya kiatu.
Akafunga muda mrefu sana.

Kiatu chake hakikuwa na kamba.
Nikasogea, nikampisha nusu ya tofali.