Ng'ambo

Chama chetu hukutana Alhamisi
chumba cha nyuma, dukani kwa Bi Mwavita pale Mwanga,
kati ya madumu ya mawese na cherehani mbovu.
Anayechelewa hulipa jero.
Kwa faini za Ntahondi peke yake
tumeshanunua katoni tatu za chaki.

Mimi ndiye mweka hazina. Nina daftari kubwa,
kalamu mbili, bati la biskuti lenye kufuli.

Utotoni mwangu neno ng'ambo
lilikuwa na barafu ndani yake.
Lilikuja na barua, na picha ya watu kumi na wawili
wenye vizibao vya njano
waliouza keki uwanjani ili sisi tupate madawati.
Nililikalia dawati lile. Lilikuwa na kibao cha shaba,
jina la mji ambao hadi leo siwezi kuutamka.
Tuliambiwa, tabasamuni.
Tukatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Basi mwaka juzi, kwenye Mengineyo,
ajenda ambayo ikifika watu wameshashika funguo za pikipiki,
Bitagoye wa forodha akasimama:
Jamani, na ile nayo si ng'ambo?
Kidole kimeelekea dirishani, magharibi,
kule ambako mvua ikishapita milima ya Kongo hutokeza
kama doa la wino lililofuliwa likagoma.

Kimya.
Mmoja akanong'ona, sisi wenyewe hatujatosheka.
Bi Mwavita akajibu bila kuacha kupima mafuta:
anayengoja kutosheka hajapata kutoa hata kikohozi.

Jumamosi tukamnadi jogoo, Ujiji, karibu na soko.
Mnadishaji Ruhuza, mstaafu wa reli,
sauti bado ina filimbi ya stesheni:

Jogoo huyu si kuku, ni dawati lenye pato,
Anayewika usiku, awaamshe wazito,
Toa jero, toa buku, moyo usiwe kokoto,
Ukirudi bila kuku, utabaki na majuto.

Jogoo aliuzwa mara saba,
kila aliyemnunua akamrudisha mnadani.
Mara ya nane akanunuliwa na mgeni
asiyejua utaratibu,
akaondoka naye.

Nikaandika: laki nne, kumi na mbili elfu, mia tano.
Madaftari, kalamu, chaki, rula za mbao.
Tukapakia Kibirizi, tukafunika kwa turubai,
tukasimama pale kama wazazi
mpaka mlio wa injini ukamezwa.

Jibu lilichukua miezi miwili,
kwa Kiswahili cha ng'ambo ile:
Aksanti sana. Batoto beko banaandika.
Karto moya iliingia mayi, tukaianika ku juwa.
Na chini ya barua, fundo la kitambaa,
ndani yake faranga, noti ndogo ndogo
zilizolegea kama mchicha,
mchango wa darasa la nne.
Walisikia upepo umeng'oa paa la shule yetu moja.
Muuze hata misumari, wameandika.
Tulibishana kikao kizima, misumari ipi tuiuze,
hadi Bitagoye alipokumbuka
kwamba kwao kuuza ni kununua.

Nilizipeleka duka la fedha.
Kijana nyuma ya kioo akazigeuza kwa ncha ya kidole:
mama, hizi hazifiki hata gharama ya kuzihesabu.
Nikarudi nazo.

Daftari langu lina safu mbili,
Wafadhili, na Wafadhiliwa.
Nilikaa na kalamu
mpaka mawese yakaganda kwenye kipimo.

Kila Desemba mkaguzi huuliza:
fedha hii ya kwenye bati, mbona imelala?
Namwambia aiache ilale.

Misumari tulinunua kwa fedha nyingine, kilo moja na nusu.
Mwalimu wao nilimwandikia
kwamba ni ya faranga zile, na paa limeshika.
Paa limeshika kweli.
Hilo lingine ndilo uongo pekee katika hesabu zangu,
na nimeutilia sahihi.