Jina la Mama

Katika kitabu cha kliniki, ukurasa wa kwanza,
kwa kalamu ya buluu inayovuja:
Jina la mtoto: Kaveza.
Jina la mama: Respa Vugutsa.

Respa Vugutsa ni mama yangu.
Mimi nilikuwa pale kitandani,
miaka kumi na sita, nyuzi tano mwilini,
nikimsikia akimtajia nesi majina
kama mtu anayekopa sukari dukani:
harakaharaka, macho chini.

"Nimekufichia," aliniambia tukirudi Chavakali,
mtoto mgongoni kwake, si kwangu.
"Utarudi shule. Huyu ni mdogo wako. Yamekwisha."

Nikarudi.
Kidato cha pili, dawati la nyuma, dirisha
linalotazama mawe ya Maragoli
yaliyojilalia kilimani kama ng'ombe wanaocheua.
Saa nne, hesabu, tafuta thamani ya x,
na kifua changu kikamtafuta mtoto.
Maziwa yakatoka bila kuitwa,
yakachora ramani mbili kwenye sweta.
Kifua hakitunzi siri. Kifua hakikuambiwa
kwamba yule ni mdogo wangu.

Bi. Asava hakusema neno.
Alinipa ufunguo wa stoo ya vyerehani,
kikombe safi, na dakika kumi.
Sijui kama kuna sheria ya kikombe.
Yeye hakungoja kuuliza.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Basi mimi, niliyeuma pindo la leso
mpaka likatoboka, usiku ule Mbale,
nauliza tu:
uchungu wangu uliandikwa kwa jina la nani?

Kisha Aprili. Mvua. Mama yuko matangani Hamisi.
Kaveza akawaka, macho yakageuka meupe.
Nilikimbia naye; matope yakabaki na kiatu kimoja.

Daktari kijana akafungua kitabu.
"Wewe ni nani wake?"
Mama yake.
Akatazama kitabu. Akatazama mguu wangu mtupu.
"Hapa pana Respa. Mpigie Respa."
Homa waliipoza, siwasingizii,
lakini sindano ya uti wa mgongo ilingoja sahihi.
Ilingoja saa mbili na dakika arobaini.
Nilizihesabu. Hesabu naijua.

Kaveza alipona.
Kuna kitu ndani yangu hakikupona,
wala sitaki kipone.

Afisa wa watoto alikuwa na mafua siku ile,
akaninong'oneza haki zangu katikati ya chafya:
kwamba umri haufuti uzazi,
kwamba aliyezaa ni mzazi,
si nusu mzazi, si mzazi wa baadaye,
na shule haiwezi kunifungia lango kwa sababu ya mtoto.
Akanielekeza kwa wasichana kumi na mmoja
wanaokutana Ijumaa nyuma ya zahanati,
watoto mapajani, vitabu vya biolojia juu ya watoto.
Akauliza pia habari za baba.
Nikalitaja jina. Lilitoka dogo
kuliko lilivyokuwa kooni.

Nyumbani sikupiga kelele.
Niliweka kitabu mezani, kimefunguliwa,
kando ya mboga alizokuwa akichambua.
Mama alichambua mrenda mpaka ukaisha,
akaendelea kuchambua sahani tupu.

Jumanne tukaenda wote wawili.
Karani akasukuma fomu.
Mama akavua miwani, akaivaa tena,
akanisogezea kalamu.
"Andika mwenyewe," akasema.
"Mimi niliandika kwa woga."

Minayo.
Herufi sita juu ya mstari wa nukta,
zimekaa kama kuku juu ya mayai.

Kaveza bado ananiita dada.
Jana aliniita hivyo akidai uji,
mama akageuza uso, akajifanya anapuliza moto.
Simkosoi mtoto.
Karatasi imetangulia; ulimi una mwendo wake.
Nipo hapa jikoni, kikombe mkononi,
hesabu za kesho bado sijazigusa,
namsubiri afike.