Aligeuka Hapa

Tulitoka Ely saa kumi na moja alfajiri,
theluji imefika magotini mwa uzio,
Dwight anakwangua kioo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda,
mimi daftari la baba mapajani,
nimelishika kama sahani ya moto.

Daftari la miraba, jalada la kijani,
linanuka grisi na peremende za kikohozi.
Mwandiko wa mgodini, herufi kubwa tupu,
kana kwamba kila neno lingesomwa gizani:
MIAMBA MYEKUNDU. NUSU MAILI. RAHISI. NILIGEUKA KWENYE NGAZI.
KILIMA CHA MCHANGA. ROBO MAILI. UPEPO. NILIGEUKA.

Miaka tisa, kila Januari, alikwenda peke yake.
Sisi tulidhani anakimbia baridi.
Shaba ilimlipia nyumba, ikachukua mapafu,
na hakuna aliyewahi kuiomba risiti.

Kusini, theluji ikaanza kutuaga:
kwanza ikabaki kandokando ya lami,
kisha vivulini, kisha vileleni tu,
chumvi aliyoisahau mtu mezani.
Maili sitini bila nyumba.
Redio ikatoa mahubiri, ikatoa bei ya ng'ombe,
ikaishia kukwaruza.

Langoni, mlinzi, Bi Arlene Tom,
glavu zake zimekatwa vidole,
akatazama gari kabla ya kututazama sisi.
"Hili ni la mzee wa mtungi wa hewa."
Dwight akasema: Machi.
Hakusema zaidi, naye hakuuliza zaidi.
Akaturudishia dola zetu, akadai mashine imeharibika.
Nyuma yetu gari jingine likalipa,
nikasikia mashine inatema tiketi.

Hatukupatana kwa maneno, ila tulipatana:
tutafika alipofika, hatutavuka.
Ngazini tukageuka.
Kwenye mchanga tukageuka, upepo umejaa masikioni.
Kwenye bonde la chumvi, ambako aliandika tu MIGUU,
tulisimama kitambo, tukaitazama miguu yetu.
Mwendo wa kobe, na kobe wenyewe wa nchi hii
wamelala chini ya ardhi mpaka joto lirudi.

Usiku maji yaliganda ndani ya chupa.
Jangwa halina blanketi la akiba;
jua likitoka, limetoka na kila kitu.
Tulilala kwenye gari, migongo imegusana,
kama tulivyolala mimi nikiwa na miaka sita, yeye minne,
baba akiwa zamu ya usiku.

Ukurasa wa mwisho:
KORONGO JEMBAMBA. MAILI MOJA.
NILIGEUKA KWENYE JIWE LA KITI.
SIJAONA MWISHO. MWAKANI.

Nilihesabu kutoka gari hadi jiwe.
Hatua mia tatu na kumi na mbili.
Mtu huenda mbali zaidi akitafuta mkate dukani.
Jiwe lina egemeo kweli, na mahali pa kuweka kiwiko,
na chini yake, katikati ya changarawe,
karatasi ya peremende ya kikohozi.
Labda yake. Watu wengi hukohoa.

Nikaketi. Baridi ikapenya suruali.
Dwight akabaki wima, anapiga teke changarawe,
anatazama pale kuta mbili zinapokaribiana
kama milango ambayo mtu hakuifunga vizuri.
"Wewe keti," akasema.
Akaenda.

Dakika arobaini. Kunguru mmoja akapita, akarudi, akapita.
Nilikunja ile karatasi, nikaikunjua,
nikaitia ndani ya daftari, nikaitoa.
Anga lilikuwa utepe tu, samawati kali,
na mstari wa jua ulishuka ukutani
bila kunifikia.

Alirudi kimya, anapuliza vidole.
Viatu vyake vilikuwa vimelowa hadi vifundoni.
Sikumwuliza. Hakusema.
Akachukua penseli, akaandika kitu chini ya MWAKANI,
akafunga daftari, na mimi sijalifungua mpaka leo.

Soksi zake zilikauka juu ya dashibodi,
hita imewashwa hadi mwisho,
maili sitini tena bila nyumba,
gari zima linanuka sufi na maji.