Nyota ya Kopo

Kaka Bakili aliikunja nyota hii
kwa kopo la maziwa, koleo na matusi.
Pembe moja ikapinda. Akasema: itafaa.

Leo Mikindani, mkesha wa Idi,
nasukuma donge kwa chupa ya soda,
nakata, nabandua, nakata tena;
makaa chini ya sufuria, makaa juu,
Somoe akiiba mabaki mabichi
akidhani sioni.

Zikipoa tunazipaka:
sukari ya unga, ute wa yai, tone la ndimu.
Urojo mweupe unatambaa
mpaka kila ncha,
hata ile iliyopinda.

"Mama, hizi zote zinachechemea."

Ndivyo alivyoingia mjomba wako
kila Idi, mlango wa uani,
mikono mitupu,
akiuliza kama zimeshapoa.