Sura ya Tisa

Nilichora mstari wa chaki ubaoni, wima:
kushoto Nguvu, kulia Unyonge.
Nje, Rustavi ilikohoa moshi wa chuma;
bomba la joto lilikuwa limekufa tangu Jumatatu
na wanafunzi wameketi na makoti yao kama abiria.

Riwaya ni ya kale, kurasa zanuka kabati.
Katika sura ya tisa, mtwana Gocha
anamvusha bwana wake mto, mgongoni.
Bwana wa vijiji saba, mgonjwa wa jongo,
ambaye kidole chake cha mguu hakivumilii hata shuka.
Maji yanamfika Gocha kifuani.
Bwana kamshika masikio:
polepole, mpumbavu.

"Hapa," nikauliza, "hapa katikati, nani mwenye nguvu?"

Eteri, wa kwanza siku zote: Bwana. Ndiye mwenye hati.
Zurabi akacheka: Gocha! Akipiga chafya tu, bwana kwisha.
Darasa likamegeka kama mkate wa moto,
nami nikaandika huku, nikaandika kule,
vumbi jeupe hadi kwenye viwiko,
nikajiona mwalimu.

Kisha Malkhazi, wa nyuma,
wa dirisha lililozibwa kwa gazeti,
asiyeinua mkono tangu muhula uanze:

"Mama yangu yuko Bari.
Kila asubuhi humnyanyua bibi wa watu kitandani,
humwogesha, humlisha; bibi hawezi hata kijiko.
Mama akitoka dakika kumi, bibi hulia.
Lakini pasipoti ya mama imo kwenye droo ya bibi,
na ufunguo wa droo
bibi huulalia."

Hata Zurabi hakucheka.
Nikautazama mstari wangu, ulivyonyooka.
Mwenye nguvu mpishe, husemwa.
Na aliye mgongoni mwako,
utampisha wapi?

"Mwalimu," akasema, "Gocha atamwangusha?"

Jibu langu ni moja kila mwaka: soma, utajua.
Likanikwama.
Mfukoni nilikuwa na kalamu nyekundu
iliyompa juzi mbili juu ya kumi
kwa sura ambayo hakuisoma,
kwa kuwa usiku hupika, hulaza wadogo zake wawili,
kisha hukaa macho akisubiri simu.

Kengele ikalia. Nikafuta ubao kwa kiganja,
vibaya, kwa haraka;
kipande cha mstari kikabaki,
na Gocha akabaki majini
hadi Alhamisi.