Kiingilio

Tiketi mbili: ya mtu mzima, na ya mstaafu kwa nusu bei.
Bibi Vaike alihesabu sarafu moja moja,
akaniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani:
"Tangu lini mtu akalipa kuingia kwao?"

Nyumba yao waliileta hapa gogo kwa gogo,
kila gogo na namba yake ya chaki,
wakaipanga upya kati ya kinu cha upepo cha kisiwani
na kanisa lisilo na waumini.
Paa la matete ni jipya. Kuta ni zile zile,
nyeusi tii, maana nyumba hizi hazikuwa na dohani:
moshi ulikausha shayiri darini,
kisha ukatoka mlangoni kwa wakati wake,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Kijana wa zamu, kizibao cha sufu, simu ikichungulia mfukoni,
anaeleza: hapa walilala, hapa walipura,
huku watu, kule ng'ombe, ukuta mmoja.
Bibi ananusa. "Ng'ombe yuko wapi?"
"Hatufugi, bibi. Ni kwa ajili ya afya ya wageni."
"Basi hii si nyumba. Ni picha yenye mlango."

Ufagio umesimamishwa vibaya, nyuzi chini.
Anavuka kamba, anaugeuza.
Kijana anafungua mdomo,
anaufunga.

Kisha akarudi mlangoni, akainama,
akapapasa kizingiti kwa kiganja
kama anayetafuta sindano.
"Hiki sicho."
"Kile kilioza, bibi. Hiki nacho ni msonobari, kama kile."
"Kilikuwa kimelika hapa katikati.
Mvua ikinyesha, paka alinywea humo."
Akanyamaza.

Najua alichokiruka:
usiku wa Machi, theluji ya magotini,
buti jozi mbili zikivuka kuingia,
na zilipotoka, viatu vya baba yake katikati,
kamba hazijafungwa.

Hilo halimo kwenye kibao.
Kibao kinasema karne ya kumi na nane,
na: tafadhali usiguse.

Mkahawani wanauza uji wa shayiri, yuro sita.
Aligeuza tiketi, akasoma maandishi madogo ya nyuma:
ukishatoka huruhusiwi kuingia tena.
Akaikunja mara nne, akaitia kwenye soksi.
Uji aliumaliza wote.
Akasema chumvi imepungua.