Kidole cha Kati

Wiki nzima nimeinama juu ya mguu mmoja.
Sindano ya daktari wa meno, mswaki mkavu, taa ya mezani,
na majivu yaliyogeuka jiwe
yakidondoka chembe chembe kwenye gazeti la jana.
Jumatano jioni vidole vikatoka:
kimoja kikubwa, cha katikati, cha kubeba mwili,
na viwili vidogo pembeni, kama watoto
waliofungwa mbeleko, nyayo hazigusi chini.
Farasi. Wa vidole vitatu.
Nikamwandika namba kwa wino mweusi, nikanawa mikono.

Alhamisi, gulio la Ngaramtoni.
Nilifuata viazi tu.
Lakini punda wa Mama Nembris alikuwa amesimama
kando ya mafungu ya nyanya, madumu manne mgongoni,
sikio moja kwa wateja, moja kwa mlima Meru,
na mimi, niliyeota vidole juma zima,
nikachuchumaa.

"Unatafuta nini huko chini, we Elinami?"
"Vidole, mama."
Akacheka hadi kilemba kikalegea.
"Punda ana kwato. Vidole unavyo wewe."

Nikapitisha dole gumba kwenye mguu wa nyuma,
chini ya kifundo, chini ya vumbi na manyoya:
hapo.
Kijiti cha mfupa, chembamba kama kalamu,
kimejibanza kwenye mfupa mkubwa, hakifiki popote.
Na kingine upande wa pili.
Njoo uguse, Mama Nembris.
Hivi ndivyo vidole vilivyokatazwa kutoka nje.
Nyasi zilitanda, misitu ikarudi nyuma,
matope yakakauka, wala nyama wakazidi mbio,
na kizazi baada ya kizazi mguu ukapunguza mizigo,
bila kikao, bila kura,
hadi kikabaki kimoja, cha kati, kimesimama wima
kama mwanamke anayechungulia juu ya ukuta.

"Kwa hiyo wa kwako ndiye babu wa huyu?"
Hapana. Yule wa mezani hakuacha mtu.
Ni ndugu wa mbali wa babu, tawi lililokauka
na vidole vyake vyote vitatu.
Huyu ni wa mlango mwingine.

Nilitaka kuendelea.
Punda alikuwa amesikia ya kutosha.

Shukrani yake wahenga walishaitaja.
Hawakusema kwamba ni ya kidole kimoja.

Sasa ni usiku, nipo Sakina, nimekalia upande.
Pajani pana mwezi mchanga wa zambarau,
ukingo wake safi kuliko nyayo nyingi tunazofukua.
Nimeupima: sentimita sita na nusu.
Utakuwa kijani, kisha manjano, kisha si kitu,
maana nyama haitunzi kama majivu.
Lakini leo upo. Natoa fomu,
naandika tarehe, mahali, upana, mguu wa nyuma kushoto,
na kwenye safu ya jina la mnyama
nasita.
Sikumuuliza Mama Nembris anamwitaje.